Padre Anayesikiliza Kabla ya Kuhubiri

Jumatano, usiku.

Tangu paroko wetu aanzishe kikao cha Injili, mahubiri ya Dominika yamebadilika kabisa, na nataka kuandika yametokeaje kabla sijasahau mambo yenyewe.

Kikao hakina makuu. Kila Jumatano baada ya Misa ya jioni tunabaki wachache katika ukumbi mdogo pembeni ya kanisa: akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), vijana wa kwaya, wazee wa jumuiya, yeyote mwenye nafasi. Tunasoma Injili ya Dominika ijayo mara mbili, taratibu. Padre anauliza umesikia nini, kisha ananyamaza. Ana daftari lake na anaandika. Hata mtu akipotea kidogo, hamkatizi.

Wiki iliyopita tulisoma Luka sura ya 5, Yesu akiwa kwenye chombo cha Simoni Petro, mvuvi aliyekesha bila kupata samaki. Sisi tunaishi kandokando ya Ziwa Victoria, kwa hiyo Injili ya wavuvi tunadhani tunaijua. Mama mmoja anayenunua dagaa mwaloni, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, na kuwauza, akasema, "Baba, hawa watu walikuwa wanaosha nyavu." Padre akainua kichwa. Mama akaendelea: mvuvi haoshi nyavu mpaka kazi iishe. Akishaziosha anazianika, anakwenda kulala. Aliyekosa samaki naye anaosha vilevile, maana uchafu wa ziwani hauangalii umepata au umekosa. Sasa Bwana anakuja nyavu zikiwa safi na anasema zishusheni tena. "Ni kama kumwambia mtu aliyekwisha kufua na kuanika azirudishe nguo matopeni," alisema. "Mimi ningekataa."

Injili hiyo nimeisikia tangu utoto wangu, na nyavu zile zinazooshwa zilikuwa zikinipita. Mahubiri niliyoyazoea yalikimbilia samaki wengi na wito wa Petro. Dominika padre alihubiri juu ya nyavu zilizokwisha kuoshwa. Kutoka hapo akamleta Isaya wa somo la kwanza, anayelia kwamba midomo yake ni michafu, na Paulo wa somo la pili, anayejiona mdogo kuliko mitume wote. Watu watatu, na kila mmoja anaitwa pale anapojiona hafai au amekwisha. Akamaliza kwa kutuuliza kila mtu ni wavu gani ameshauosha na kuuanika. Hakufika dakika kumi. Mdogo wangu, aliyekuwa ameacha kutafuta kazi, alinisumbua njia nzima akitaka kujua nani amempelekea padre habari zake.

Wapo wanaonung'unika. Padre amekaa seminari kuu miaka yote ile, amesoma falsafa na teolojia, leo afundishwe Injili na muuza dagaa? Naona hawajaelewa kilichofanyika. Bila masomo ya padre, neno la yule mama lingebaki neno zuri la Jumatano. Ni yeye aliyeona kwamba linafungua masomo yote matatu, na hilo halipatikani bila kukaa na Maandiko kwa miaka. Lakini bila yule mama, padre angepita juu ya nyavu kama tulivyopita sote.

Wala hili si jambo geni katika Kanisa. Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, aliwafundisha wahubiri kwamba mtu aombe kwanza ndipo aseme. Aliwaambia pia wautazame umati, maana wasikilizaji huonyesha wenyewe kama wameelewa, na wasipoonyesha, jambo ligeuzwe na kusemwa kwa namna nyingine. Mahubiri yake mengi tunayo hadi leo kwa sababu waandishi waliyanakili akiwa anahubiri. Papa Fransisko naye, katika wosia wake wa kitume wa Furaha ya Injili wa mwaka 2013, alitumia aya 25 kuzungumzia homilia, yaani mahubiri ya Misa, na maandalizi yake. Humo anamtaka mhubiri atege sikio kwa watu, asijibu maswali ambayo hakuna anayeyauliza, na kwa padre asiyejiandaa anatumia maneno makali: si mwaminifu. Juni 2024 akaongeza kwamba homilia isizidi dakika nane, kwani baada ya hapo watu husinzia. Wengi waliishika hiyo ya dakika nane kwa sababu ni rahisi kuipima kwa saa. Kwangu lililo zito zaidi ni lile la sikio.

Ila nawahurumia mapadre. Sheria ya Kanisa inamruhusu padre, kwa kibali cha askofu, kuadhimisha Misa tatu Dominika pale penye uhitaji, na kwetu uhitaji upo kila wiki: Misa ya kwanza parokiani, ya pili kigango (kanisa dogo lililo chini ya parokia) cha jirani, ya tatu kigango cha mbali, kwenye barabara mbovu. Katikati ya wiki kuna mazishi, wagonjwa, shule, ujenzi, kesi za ndoa. Homilia inaandaliwa saa ngapi? Tunapolalamika kwamba padre hana kina, tujiulize pia tumemwachia saa ngapi za kuchimba. Halmashauri ya walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, hapa kwetu imeamua Jumanne ni siku ya padre ya kusoma na kusali. Hapigiwi simu isipokuwa kuna mgonjwa anayehitaji mpako wa mafuta matakatifu. Mwanzoni ilikuwa ngumu, lakini sasa hata mafundi wa ujenzi wanajua.

Tumeondoa pia michango kwenye homilia. Niliwahi kuishi katika parokia ambako, mara tu Injili ikiisha, ilisomwa orodha ya jumuiya ambazo hazijamaliza michango, na hayo ndiyo yakawa mahubiri. Watu walitembea mwendo mrefu kuja kusikia Neno wakarudi na deni. Hilo bado linaniuma. Fedha za Kanisa ni lazima, nazo zina muda wake, ambao ni wa matangazo, na asimame mtunza hazina au mwenyekiti.

Makatekista wa vigango nao wanakuja Jumatano. Kwenye Misa homilia ni ya padre au shemasi, lakini Dominika ambazo padre hafiki kigangoni, katekista ndiye anayeongoza ibada na kuwaeleza watu Neno. Mmoja wao huja kwa baiskeli na kurudi usiku. Asiposaidiwa huyo, tunasaidia nusu ya parokia tu.

Kabla ya kusoma, padre huuliza tunakumbuka nini cha Dominika iliyopita. Kuna siku tulikumbuka kisa alichosimulia, na hakuna aliyekumbuka Injili ilisema nini. Aliandika hilo pia. Huo ni msaada mkubwa kuliko "mahubiri mazuri, Baba" tunayompa mlangoni kila wiki, ambayo hayamfundishi chochote.

Leo tumesoma Luka sura ya 6. Yesu anashuka na kusimama mahali tambarare, anasema heri ninyi maskini, kisha ole wenu ninyi matajiri. Kijana wa bodaboda akauliza, "Baba, hii ole ni ya nani humu ndani?" Hakuna aliyejibu haraka. Katika kanisa letu wenye mitumbwi hukaa benchi moja na vijana wanaokesha ziwani kwa ajili yao, na mgawo wa samaki ni ugomvi wa kila siku mwaloni. Padre aliandika swali lile, akalipigia mstari.

Dominika hii hii ndiyo tuliyopanga ahadi za paa la kanisa, na wenye mitumbwi ndio tunaowategemea. Kesho asubuhi nampigia mwenyekiti tusogeze ahadi wiki moja mbele. Padre asihubiri ole akijua kwamba baada ya dakika chache kofia itapitishwa kwa watu wale wale.