Mjane Aliyejua Hesabu Yake

Somo la wiki: 1 Wafalme 17:8–16

Bwana asifiwe, wapendwa.

Ninaandika Jumapili jioni hapa Walukuba, Jinja, na mezani mbele yangu kuna karatasi tatu kutoka shuleni, kila mtoto na yake. Karo, rimu za karatasi, mifagio, karatasi za choo, sabuni, na mwisho kabisa, kwa herufi nene, onyo kwamba atakayefika bila vitu hivyo atarudishwa nyumbani. Najua wengi wenu mna karatasi kama hizi wiki hii. UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi bila karo, tunayo tangu mwaka 1997, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake, maana wako watoto ambao bila hiyo wasingeshika kalamu. Lakini kila mzazi anajua kuwa mchango huu ukiisha unakuja ule. Serikali huanza mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai. Mwaka wa nyumba zetu huanza Februari, asubuhi mtoto anapovaa sare.

Kwa hiyo nimerudi kwa yule mama wa Sarepta.

Tumezoea kuhubiri muujiza wake. Mimi wiki hii nimekwama kwenye jibu lake. Nabii Eliya, wakati wa ukame, anamwomba maji, naye anageuka kwenda kuyaleta bila neno. Anapoombwa na mkate ndipo anasema yote: mkate hana, ana konzi moja ya unga katika pipa, mafuta kidogo katika chupa, na hapo alipo anaokota kuni mbili. Angalieni anavyojua. Hakusema "hali ngumu". Hakusema "tunasukuma siku tu, baba". Alitaja chombo kimoja kimoja na kilichomo, mpaka idadi ya kuni. Halafu akalisema na lile gumu kuliko yote, kwamba baada ya mlo huo yeye na mwanawe watakufa. Na haya anamwambia mgeni, mwanamume, mtu wa taifa jingine, pale pale langoni pa mji.

Mimi nilikaa miaka tisa katika ndoa bila kujua kilichomo katika pipa letu.

Baba watoto ameniruhusu niyaandike haya, na ameyasoma kabla yenu. Yeye kiwandani analipwa shilingi 380,000 za Uganda kwa mwezi. Mimi nashona. Nikitoa uzi, vitambaa na kodi ya kibaraza, cherehani hunipa kama 1,800,000 kwa mwaka, na nyingi huja Januari kwa sare na Desemba kwa nguo za Krismasi. Kila mmoja alikuwa na mfuko wake. Yeye kodi na karo, mimi chakula na makaa, na kinachobaki hakuna aliyemwuliza mwenzake. Tuliita heshima. Ilikuwa hofu.

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, shule zimefunguliwa muhula wa tatu na karo haijalipwa, nilimwuliza kwa mara ya kwanza: mshahara unakwenda wapi? Akanyamaza. Aliinuka, akafunga mlango ili watoto wasisikie, akaniambia kadi yake ya benki hana. Iko kwa mkopeshaji mjini tangu Januari. Alikopa 500,000 za karo kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi, na kadi ikabaki kule kama rehani. Kila mshahara ulipoingia, yule mtu alichukua 50,000 zake kwanza ndipo akampa nyingine. Miezi minane ilikuwa imekwenda na 400,000, na deni lilikuwa 500,000 vile vile, halijasogea hata shilingi moja.

Nililia, na sikuzililia pesa. Miezi minane yote amelala kando yangu akihesabu peke yake.

Wazee wetu wa uamsho, wale Balokole, yaani waliookoka, wa miaka ya 1930 ambao moto wao uliwaka Rwanda na Uganda ukaenea Afrika Mashariki, walipenda sana neno hili: kutembea nuruni. Mtu akiokoka alirudisha alichoiba, alilipa deni alilolikana, alifungua moyo wake mbele ya ndugu. Sisi tumebaki na wimbo wao, na tunauimba vizuri. Lakini sidhani kama kuna kona ya nyumba ya Mkristo yenye giza kama mfuko wa pesa. Mume na mke wanaomba pamoja kila usiku, wameshikana mikono, na hakuna anayejua mwenzake ana deni gani. Nasema kwa uchungu kwa sababu nimeishi humo.

Usiku ule tulichukua daftari la mtoto lililobakiwa na kurasa nyuma, tukaandika mwaka mzima. Si mwezi. Mwezi hudanganya: Aprili inaonekana imetosha kwa sababu karo haimo, unanunua viatu, halafu Mei inafika na muhula wa pili. Tukaandika hivi. Kodi ya nyumba 150,000 kwa mwezi, ni 1,800,000. Karo na michango ya watoto watatu, kwa wastani 180,000 kila mtoto kila muhula, ni 1,620,000. Chakula 200,000 kwa mwezi, ni 2,400,000. Makaa 50,000 kwa mwezi, ni 600,000. Jumla 6,420,000. Mapato yetu yote mawili tukiyaweka pamoja ni 6,360,000. Na hapo hatujaandika sadaka, wala dawa, wala nguo, wala rambirambi, wala nauli ya kwenda kumwona mama kijijini.

Kalamu alikuwa nayo yeye. Akaiweka chini. Tulikaa hivyo muda mrefu, taa ikitetemeka. Kisha akaonyesha kwa kidole mstari wa makaa, akasema, "Mama Neema, riba ya mwaka mmoja ni makaa yetu ya mwaka mzima." Ni kweli. Elfu hamsini kwa elfu hamsini. Tulikuwa tunawasha sigiri mbili, moja jikoni kwetu na nyingine kwa mtu tusiyemjua.

Deni lile tulilitoa kwa njia ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Wengi wenu mnavijua vikundi hivi: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, kila wiki unanunua hisa, na mwisho wa mwaka mnagawana. Mfumo huu ulianza na akina mama wa Niger mwaka 1991, na leo uko vijiji vingi. Riba ipo hata humo, sitawadanganya, lakini Desemba inarudi mikononi mwetu wenyewe. Mimi nilikuwa mwanachama siku zote. Nikamwuliza baba watoto, kwa nini hukuniambia nikakope kule? Akajibu kuwa mkopo wa kikundi huombwa kwa sauti. Unasimama mbele ya watu, unataja kiasi, unasema ni wa nini na utalipaje. Aliona aibu. Mkopeshaji wa mjini hakumwuliza neno, alitaka kadi tu.

Jumatano iliyofuata tulisimama wote wawili, yeye akasema. Kiasi, sababu, na jinsi ya kulipa. Jirani mmoja mzee alipiga makofi kidogo, kama mtu anayempongeza mtoto aliyejifunza kutembea. Kadi ilirudi wiki ile ile.

Sasa niseme kuhusu muujiza wenyewe. Someni tena aya ya 16 polepole. Pipa halikujaa. Neno linasema halikupunguka. Mama yule hakuamka akakuta gunia mlangoni, wala hakupata ng'ombe wala nyumba ya ghorofa. Alikuta cha siku hiyo, cha yeye na mwanawe na mgeni wao, na kesho yake tena, mpaka mvua. Nimewahi kukaa katika mikutano ambamo maskini huambiwa atoe alicho nacho ili arudishiwe mara mia, na ikishindikana anaambiwa imani yake ni ndogo. Siwezi kukubali. Mtu ambaye mwaka wake unatosha kwa shida, na bado watoto wamekula na hakuna anayemdai, huyo anakula kutoka pipa la Sarepta.

Na pipa lile lilikuwa na mkono wa mtu ndani yake kila siku. Mama alichota, alikanda, aliokota kuni. Kwetu mkono huo umekuwa hivi.

Maharagwe. Zamani nilinunua kilo moja moja. Sasa najua kwamba Julai, ya msimu wa kwanza yanapotoka shambani, bei hushuka, na shule zikikaribia kufunguliwa, wanunuzi wakianza kubeba magunia, hupanda. Yusufu kule Misri alitenga sehemu ya tano katika miaka ya shibe. Hakungoja njaa ndipo aanze kuweka. Basi Juni iliyopita nilishona sare za kwaya, na malipo yote, kabla sijayazoea, yakaenda kwenye kilo 80 za maharagwe. Tuliyaanika juu ya turubai siku mbili, mpaka punje ukiiuma inapasuka badala ya kubonyea. Tukayatia katika jerikeni tano za lita 20, kilo kama 16 kila moja, tukizigonga chini ili punje zikae vizuri, mpaka mdomoni kabisa, kisha kifuniko kikakazwa. Siri ni kutoacha hewa. Fukusi aliyemo ndani hufa kwa kukosa pumzi. Jerikeni ya kwanza tuliifungua Agosti, na mwanangu mkubwa alitia mkono akatoa konzi, akaipuliza, haikuwa na vumbi hata kidogo. Aliangalia mkono wake kama mtu aliyeshika dhahabu.

Tunapika nusu kilo kwa siku, na usiku wake nayaloweka. Yasiyolowekwa yanakula makaa kuliko yanavyokula watoto.

Halafu kadogo, yaani kununua kwa vipimo vidogo vidogo. Mafuta ya 500 ndani ya kaveera, kifuko cha plastiki, sabuni ya kukata, sukari ya kufunga kwenye karatasi. Siku moja nilinunua vifuko kumi vya mafuta kwa mpigo, shilingi 5,000, nikavimimina vyote kwenye chupa ya soda ya nusu lita. Havikufika shingoni. Duka lile lile lita nzima ilikuwa 8,000. Nilisimama na ile chupa mkononi nikihisi moyo unauma, na si kwa ajili yangu peke yangu. Anayenunua kadogo hanunui kwa uzembe. Ana 500 leo, na kesho hajui. Ndiyo maana maskini analipa zaidi kwa kitu kile kile. Kwa hiyo akina mama wanne wa ibada yetu ya Kiswahili sasa tunachanga, tunanunua jerikeni ya lita 20, tunagawana kwa kipimo mbele ya wote. Kama mko wawili tu mtaani kwenu, anzeni na lita mbili.

Mengine nitayapita: boda tumeiacha kwa safari za hospitali na mvua, nyama ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, na mukene, dagaa wa ziwani, wa Masese ametuokoa siku nyingi.

Sadaka baadaye tuliiandika mstari wa kwanza, na tukaandika kiasi tunachoweza, bila kuona haya. Lakini chini yake kuna mstari mwingine ambao baba watoto aliuleta, na mwanzoni niliupinga. Aliuita "wa mlangoni". Shilingi 10,000 kwa mwezi. Nilimwambia, hatuna hata za dawa, wa mlangoni ni nani? Akanifungulia 1 Wafalme 17. Eliya alifika siku ya konzi ya mwisho, na aliomba kimkate chake kitangulie. Mama angekuwa na haki kabisa ya kufunga mlango. Nimewaona watu waliojifunza kubana matumizi wakabana na mkono, jirani akipita wanapunguza moto ili asisikie harufu ya chakula. Nimejiona na mimi. Mwaka wa kwanza wa daftari hili nilikuwa mkali kiasi kwamba watoto waliogopa kuleta rafiki nyumbani.

Alhamisi iliyopita, saa moja jioni, mama wa nyumba ya pili alisimama mlangoni na watoto wake wawili. Mumewe alikwenda kutafuta kazi Kampala tangu Novemba na simu haipokelewi. Hakuomba. Alisalimia tu, akauliza habari za watoto, akasalimia tena. Jerikeni ya tano ilikuwa imefunguliwa, nayo iko chini ya nusu, na shule wiki ijayo. Neema alikuwa ameshachukua kikombe kabla sijasema kitu. Akapima viwili, akavimimina kwenye kanga ya yule mama, akafunga fundo. Walipoondoka akavuta daftari, akatafuta ukurasa, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, niandike maharagwe au niandike wa mlangoni?"