Nilivyomwambia Fundi habari ya mfuko wangu

Mwaka 2019 nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya njia ya haja kubwa. Nilikuwa na miaka 54, mjane tangu 2015. Daktari alishaniambia kwamba choo kitatokea tumboni maisha yangu yote. Nilipozinduka nikakiona, kushoto chini ya kitovu: kitu chekundu, kibichi kama ndani ya shavu, na mfuko umebandikwa juu yake.

Miaka miwili nilijifungia. Harusini siendi, msibani nakaa karibu na mlango. Kilichonitesa hasa ni ngozi. Nilikuwa nakata tundu la plasta inayoshika mfuko kwa kukisia, likawa kubwa mno, choo kikapenya chini yake, ngozi ikachubuka, na kwenye ngozi iliyochubuka mfuko haushiki. Muuguzi mmoja ndiye aliyeniokoa. Alinifundisha kupima stoma, yaani kile kitu chekundu kinachotoa choo, tundu liizidi kwa milimita 2 tu, ngozi nikaushe kabisa, na mfuko ukifika theluthi niumwage, nisingoje ujae. Wenzangu wenye mfuko, anzeni hapo. Anayevuja hawezi kukaa na mtu barazani akamsikiliza. Akili yote iko tumboni.

Ustadhi naye akaniambia mimi ni mwenye udhuru: wakati wa swala ukiingia nitawadhe, niswali. Ndipo nikaanza kutoka.

Fundi alikuja kutengeneza mlango wa uani. Seremala wa Ngamiani, hapa hapa Tanga, mgane wa siku nyingi. Mlango ulikwisha, yeye akaendelea kupita jioni kunywa kahawa. Sasa stoma haina msuli wa kuibana. Ikitaka kutoa upepo, inatoa. Jioni moja, nimekula kunde mchana, ikalia. Nikaikandamiza kwa mkono juu ya dera. Fundi akaangalia barabarani.

Shoga yangu alinishauri ninyamaze mpaka tuoane. Nilikataa, na hata leo nakataa. Mtu aambiwe angali na nafasi ya kuondoka.

"Fundi, mimi sijisaidii kama wengine. Choo changu kinatokea tumboni, kwenye mfuko, mpaka nife."

Akazungusha kikombe. "Inauma?"

"Yenyewe haina hisia, hata ukiigusa. Ngozi ndiyo inauma ikivuja."

"Na kulala je?"

"Namwaga kwanza, nalalia ubavu wa kulia."

Akamaliza kahawa, akaaga. Siku tisa hakupita. Nilizihesabu. Ya kumi, wazee wake wakaenda kwa kaka yangu kuposa. Baadaye aliniambia kwamba siku zote zile alikuwa anatafuta namna ya kunieleza kuwa yeye ana tezi dume, usiku anaamka mara nne, na alihofu nitamkataa.

Wanangu walinung'unika kidogo, wakaja kula pilau.

Usiku wa kwanza nilijifunga kanga juu ya mfuko, akaniacha hivyo. Wiki ya pili aliomba aone. Nilimwonyesha mchana, wakati wa kubadilisha. Akanikuta nimeinama, kioo kidogo nimekibana magotini, nahangaika kuona upande wa chini wa stoma. Hakusema neno, akanishikia kile kioo mpaka nikamaliza.

Jumamosi alirudi na kioo kikubwa chenye fremu ya mninga, akakigongomea ukutani bafuni. Kiko usawa wa tumbo langu. Wageni huuliza kwa nini kimewekwa chini hivyo, naye huwajibu, "Ndipo mke wangu anapokitaka."