Udongo wa mama mkubwa

Jumapili usiku, Mtwara

Nimerudi kutoka Newala jioni hii, kucha zimejaa udongo. Nimeoga mara mbili na bado upo. Naandika haraka kabla sijalala, maana usingizi kwangu siku hizi ni mgeni. Akibisha hodi, simweki mlangoni.

Baba alifariki Novemba, msimu wa korosho umepamba moto. Mimi ni karani wa chama cha msingi, na siku ile tulikuwa mnadani. Akapiga simu. Nikaikata, nikamwandikia, "Nitakupigia baadaye." Sikupiga. Usiku ule ule akaondoka.

Msiba niliusimamia, arobaini nikaisimamia, mirathi pia. Watu wakanisifu kwamba nimejikaza kiume. Kulia sikulia. Ila nilikuwa nakesha macho makavu mpaka adhana ya alfajiri, asubuhi nikifika ghalani nakosea hesabu za magunia.

Mama mkubwa ni mfinyanzi. Kwetu Wamakonde kuchonga mpingo ni kazi ya wanaume, kufinyanga ni ya wanawake, kwa hiyo mwezi uliopita aliponiwekea bonge la udongo mapajani nilidhani ananitania. Majirani walicheka waziwazi.

"Kanda," akasema. "Toa vijiwe. Ukiacha hata kimoja, kitakupasulia chungu motoni."

Nikakanda. Kazi yenyewe haina haraka: unapapasa, unakuta kijiwe, unakitoa, unapapasa tena. Huwezi kushika simu kwa mikono ile. Sijui ilipita saa nzima au zaidi. Nikawa naukandamiza ukingo wa bakuli kwa dole gumba, na ghafla nikaliona dole gumba la baba, jinsi alivyokuwa akikandamiza kiraka kwenye tyubu ya baiskeli. Lile lile, na ukucha wake mpana. Nikasema, bila kuulizwa, "Alinipigia, nikaikata." Mama mkubwa hakunijibu. Alisogeza tu kata ya maji karibu yangu, akaendelea kusugua chungu chake kwa kokoto laini, mimi nikilia.

Niliporudi mjini nikaanza kusoma, nikakuta kuna tiba ya sanaa, yaani kumsaidia mtu mwenye maumivu kwa kuchora au kufinyanga. Jina hilo alilianzisha mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, mwaka 1942, baada ya kulazwa kwa kifua kikuu na kuona jinsi kuchora kulivyompa nguvu. Kuna na utafiti wa mwaka 2016 wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, ulioongozwa na Girija Kaimal: watu wazima 39 walikaa dakika 45 wakichora, wakifinyanga au wakibandika vipande vya picha. Kwa asilimia 75 hivi kati yao, kotisoli, homoni inayohusiana na msongo, ilipungua kwenye mate. Wenye uzoefu wa sanaa hawakuwazidi wale wasiojua kitu. Hapo nikajiona na mimi nimo! Waliobaki haikuwashukia, na nimeupenda utafiti kwa kutolificha hilo.

Sitaki kudanganya: nilichofanya uani kwa mama mkubwa si tiba kamili. Tiba yenyewe ina mtaalamu aliyesomea, anayekaa nawe na kukusaidia kukitazama ulichokitengeneza, wala hakipi maksi. Anayeumwa sana amtafute daktari kwanza. Lakini sisi watu wazima nani hutupa udongo tuchezee? Mtoto akichora mbuzi mwenye miguu sita tunamshangilia. Mimi nina miaka 41, na tangu darasa la saba sikuwa nimetengeneza kitu kisichokuwa na risiti.

Jana tumechoma. Vyungu vya mama mkubwa vilitoka vizuri, vimeiva. Bakuli langu lilipasuka kuanzia ukingoni mpaka chini, kijiwe kilinipita. Nikataka kulitupa, akaninyang'anya. Leo asubuhi nimewakuta kuku wake wanadonoa pumba humo.