Maji ya Njiru nimeyafuata hadi Sabaki

Mimi naishi Njiru na mto Nairobi unapita hapo chini nyuma ya ploti yetu, ukiuliza majirani watakwambia huo si mto tena ni mtaro, na kusema kweli mchana jua likiwaka harufu inakufanya ufunge dirisha. Lakini kila mwaka kuanzia Agosti hivi, baridi ya Nairobi ikiwa bado haijaachilia vizuri, nateremka asubuhi na darubini kumtafuta mgeni mmoja. Ni kitwitwi, ndege mdogo wa ukingoni mwa maji, yule anayetikisa mkia juu chini juu chini hata akiwa amesimama, tumbo jeupe limepanda kidogo hadi karibu na bega. Ametoka Ulaya au Urusi huko, ametaga, amelea, amemaliza, alafu amekuja kutua kwenye jiwe lililozungukwa na makaratasi ya nailoni hapa kwetu. Mwaka huu nilipomwona nilifurahi hadi nikampigia shangazi simu saa moja asubuhi.

Shangazi si mtu wa ndege. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Na hayo maji machafu hivyo, anakula nini?"

Jibu unalipata Ruai, kwenye yale mabwawa ya kusafisha maji taka ambayo watu wa ndege wanayaita ya Dandora. Maji yanatoka bwawa moja yanaingia lingine, uchafu unatulia chini, bakteria na mwani wanafanya kazi yao polepole, na kwenye tope lile mabuu ya wadudu yamejaa kama mchele kwa gunia. Ndo chakula. Mara ya kwanza nilipelekwa na watu niliojuana nao kwa matembezi ya kuona ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, yale yanayoanzia pale Makumbusho ya Nairobi, tukaomba ruhusa tukaingia, na nilikuta vitwitwi wadogo kabisa wanakimbia ukingoni, wale wenye miguu myeusi na uzito wa gramu 25 hivi, yaani nusu ya yai la kuku. Wanazaliwa kwenye tundra, ile nchi baridi isiyo na miti karibu na bahari ya barafu. Siku hiyo nilisahau hata kufunika pua.

Sasa, maji yakitoka Ruai yanaingia mto Nairobi, Nairobi unaingia Athi, Athi unapita maporomoko ya Fourteen Falls unateremka hadi Tsavo, ukishaungana na mto Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia pwani unaitwa Sabaki, unamwaga baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Ni mto mmoja huo. Nilisoma shuleni lakini sikuwahi kuuhisi mwilini. Na mdomo wa Sabaki ni moja ya sehemu bora Kenya nzima za kuona ndege wa ufukweni, kwa hivyo nikaamua mwaka huu nayafuata maji yetu hadi mwisho.

Nikachukua treni ya usiku, nikafika Mombasa kabla ya alfajiri, matatu ya Malindi, nikashuka Mida kwanza kwa sababu ukienda upande huo bila kupita Mida Creek, ile hori ya bahari yenye mikoko, umejinyima. Hapa lazima nieleze habari ya maji maana watu wa bara tunaipuuza alafu tunarudi nyumbani tunasema hakukuwa na ndege. Maji yakipwa kabisa tope linakuwa pana sana na ndege wanatawanyika mbali, unaona vidoa tu. Yakijaa kabisa hakuna tope, wanaenda kulala kwenye mikoko na michanga. Unataka yale masaa mawili matatu maji yanapoanza kujaa tena, kwa sababu yanawasukuma polepole kuja kwako, wewe umekaa tu umetulia kwenye daraja la kamba kati ya mikoko na wao ndo wanakuja. Na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa hivyo usiulize watu walienda saa ngapi wiki iliyopita, uliza mvuvi leo.

Nilikaa. Maji yakaanza kuja. Walitangulia sululu, wale wa mdomo mrefu uliopinda, wakipiga filimbi zao saba saba, nyuma yao vitwitwi wa kila aina, na mwishoni, kwa mstari kama wanafunzi wanaoenda paredi, wale weusi kwa weupe wenye mdomo mnene wanaokula kaa. Kwenye vitabu ni Dromas ardeola na ningeweza kuwaandikia posti nzima. Wanazalia pwani za Bahari ya Shamu, Uarabuni na Ghuba, na wanachimba mashimo mchangani wanataga yai moja tu jeupe ndani ya shimo, hakuna ndege mwingine wa jamii ya vitwitwi anayefanya hivyo. Na mtoto anakuja na mzazi hadi huku. Nilimwona mmoja wa kijivu kijivu anamfuata mkubwa, ameinamisha kichwa analia kwa sauti nyembamba, mkubwa akavunja kaa akampa. Mtoto ameruka bahari yote hiyo na bado analishwa! Nilitoa machozi, sioni haya kusema.

Vitwitwi wengi si hivyo. Wale wa Siberia wazazi wanaondoka kwanza, Julai na Agosti, wanawaacha watoto wanenepe, watoto wanafuata baadaye peke yao bila mtu wa kuwaonyesha njia. Mwaka 2022 ndege mmoja wa jamii yao, umri wake miezi mitano tu, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua popote. Njia inatoka ndani yake mwenyewe.

Kesho yake nikaenda Sabaki. Nilishukia darajani nikafuata mto kwa miguu hadi mdomoni, jua kali, upepo wa kusi bado unapiga japo umechoka. Maji ni ya kahawia, unaona kabisa yanaingia kwenye bluu ya bahari kama chai ya maziwa. Kwenye fungu la mchanga kulikuwa na shakwe na buabua, na juu yao kundi la ndege wa rangi ya udongo wanaoruka kama mbayuwayu. Hao wanazalia Madagaska, wanakuja kwetu kuanzia Aprili na karibu wanarudi. Chini yao kwenye tope walikuwa vitwitwi wenye mdomo uliopinda kidogo, wengine wamebaki na nyekundu ya matofali tumboni, nguo ya arusi haijaisha kuvuliwa, wametoka Siberia zaidi ya kilomita 8,000. Mmoja anajiandaa kwenda kusini na mwingine ndo amefika kutoka kaskazini, wote wanakula kwenye tope lililoletwa na mto wangu.

Kuna mzee alikuwa anatengeneza wavu karibu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Watoka wapi?"

"Nairobi, Njiru, karibu na huu mto wenyewe."

Akainama akaokota chupa ya plastiki kati ya nyingi zilizokuwa pale akanionyesha. "Basi haya ni yenu. Mwatuletea kila mvua." Hakusema kwa hasira, alisema tu, na mimi sikuwa na la kujibu kwa sababu ni kweli. Nilimsaidia kuokota tukajaza gunia moja na nusu, tukiongea habari za ndege. Yeye anawajua kuliko mimi, anasema wale wadogo wakishaanza kuja kwa wingi anajua kusi inaisha na karibu bahari itatulia.

Nimerudi jana asubuhi. Leo nimeteremka mtoni, yule wa kutikisa mkia yuko kwenye jiwe lake, nimetoa makaratasi niliyoweza kufikia upande wetu na vijana wawili wa ploti wamekuja kunisaidia. Jumamosi natafuta ruhusa tena niende Ruai, wale watoto wa Siberia lazima sasa wako njiani na nataka niwe pale wakitua.