Ile aya ya familia kwenye barua ya maombi

Kila baada ya miezi mitatu tunawaandikia barua ya maombi makanisa na watu wanaotutegemeza. Miaka miwili ya mwanzo niliiandika mimi peke yangu, na kila barua ilifungwa na aya moja kuhusu familia. Usiku mmoja nikampa mke wangu rasimu aniangalizie makosa ya herufi. Akasoma kimya mpaka chini, halafu akaweka kidole kwenye aya ya mwisho. Nilikuwa nimeandika kwamba familia inaendelea vema na watoto wanakua katika neema.

"Familia ipi hii, Mchungaji?"

Siku za kawaida mimi ni Baba watoto. Nikiitwa Mchungaji tukiwa wawili tu, najua kumeharibika. Nikaanza kujitetea. Akaniuliza kijana wetu amekosa usingizi kwa nini tangu Jumapili. Nilikuwa sijui hata kwamba amekosa usingizi.

Nieleze tulifikaje hapo. Tulitumwa kufundisha katika chuo cha Biblia, nje ya nchi yetu. Kwenye karatasi za uhamiaji mimi niliandikwa mwalimu, mke wangu akaandikwa mtegemezi asiyeruhusiwa kufanya kazi ya mshahara. Kichekesho ni kwamba kati yetu wawili mwenye cheti cha ualimu ni yeye. Mimi nilisomea theolojia tu, darasani nikaingia kwa neema. Na kwa kuwa watoto hawakuijua lugha ya shule za pale, yeye ndiye aliyewafundisha nyumbani, juu ya meza ile ile tuliyolia chakula.

Huko chuoni nilipewa masomo matatu, vipindi 10 kwa wiki. Kwa lugha yangu, kipindi kimoja ningekiandaa kwa saa moja na nusu. Kwa lugha niliyoanza kujifunza nikiwa na miaka 36, kilinila saa nne, maana ilinibidi niandike mpaka mizaha. Piga hesabu mwenyewe, kisha ongeza kusahihisha, ibada za asubuhi, vikao, na wanafunzi waliopiga hodi nyumbani jioni. Mmoja ana swali la Kigiriki, mwingine amefiwa, mwingine amekuja tu kukaa. Sikuwahi kumwambia hata mmoja aje kesho. Nilijiambia ni upendo, na kwa sehemu ulikuwa upendo. Lakini tuseme ukweli: nilipenda kutafutwa. Chuoni nilikuwa Mwalimu. Nyumbani nilikuwa mtu wa kuulizwa bomba litatengenezwa lini.

Kabla hata ya usiku ule wa barua nilikuwa nimeshaonywa, tena darasani kwangu mwenyewe. Nilikuwa nafundisha historia ya umisheni, nimefika kwa William Carey, mmisionari Mwingereza: alivyoingia India mwaka 1793, alivyotafsiri Biblia kwa Kibengali, chuo alichoanzisha na wenzake huko huko India, mjini Serampore, mwaka 1818. Mwanafunzi mmoja wa nyuma, mama wa makamo, akanyoosha mkono akauliza mke wake alikuwa wapi muda wote huo. Kwenye maandalizi yangu Dorothy Carey alikuwa na mstari mmoja. Nikampa huo mstari: hakutaka kwenda, akakubali baada ya dada yake kukubali kufuatana naye, mwaka 1794 wakafiwa na mtoto wao Peter wa miaka mitano, akili yake ikavurugika, akafa 1807 akiwa bado mgonjwa. Yule mama akaandika, akaweka kalamu chini, akasema, "Miaka kumi na mitatu, Mwalimu." Nikasema ndiyo, tukaendelea na tafsiri.

Basi baada ya ule usiku tukaanza kuhangaika. Jaribio la kwanza lilikuwa ratiba. Niliichora vizuri kwa rangi nne, nikaibandika kwenye friji. Ilidumu siku tisa. Ratiba iligawa saa, lakini haikusema nani ana haki ya kuikatiza, na kila aliyekuja mlangoni nilimwona ana haki hiyo, isipokuwa waliokuwa ndani.

Kilichosaidia kilitoka kwa mke wangu, na hakikuwa changu kabisa. Watoto walikuwa wameanza kumchanganya. Binti yetu mdogo alimuuliza asubuhi moja, "Leo wewe ni mama au mwalimu?" kwa sababu alitaka kulia kuhusu kitu fulani na hakujua kama inaruhusiwa. Kuanzia siku hiyo, masomo yakiisha, vitabu vyote huingia kwenye sanduku la bati, sanduku linasukumwa chini ya kitanda, na kitambaa cha maua kinatandikwa mezani. Kitambaa kikishatandikwa, shule imefungwa. Hakuna kuuliza jedwali la saba wakati wa kula, hakuna "nilikwambia jana". Nimewahi kumwona binti yetu akikitandika mwenyewe katikati ya somo la hesabu, kwa matumaini.

Nilikiangalia kile kitambaa karibu mwezi mzima kabla sijaelewa kwamba mimi sina changu. Karatasi za mitihani zilikuwa zinalala kwenye kochi, kwenye gari, hadi bafuni. Nikaomba ufunguo wa ofisi nitakayoweza kufunga, na tangu hapo karatasi ya mwanafunzi haivuki mlango wa nyumba yetu. Kama sijamaliza kusahihisha, nabaki ofisini mpaka saa kumi na mbili kisha natoka. Zilizobaki zinalala huko huko.

La wanafunzi kuja jioni lilikuwa gumu zaidi. Nilipoanza kuwaambia waje ofisini tu, nikaona nyuso zimebadilika. Mwenzangu mmoja, mwenyeji, mtu mzima, akanivuta pembeni akaniambia mgeni anayefunga mlango wake huwa anaonekana hajafika bado. Nikarudi nyumbani na neno hilo tukalijadili. Uamuzi ukawa jioni mbili kwa wiki mlango uko wazi, na aliyekuja amekuja kwa familia nzima: anakaa nasi, anakula nasi, anasikia watoto wakigombana. Maswali ya Kigiriki yanasubiri ofisi. Jumatano na Jumamosi ni zetu wenyewe. Ajabu ni kwamba lugha ya watoto ilikua kwa zile jioni mbili kuliko kwa kitabu chochote, na kijana wetu akapata rafiki mkubwa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ambaye ndiye aliyekuja kutuambia kwamba usingizi ulimpotea kwa sababu alikuwa anasahau sura ya bibi yake.

Hapo tukaongeza simu ya video kwa bibi kila Jumapili. Hiyo haikuhitaji kikao.

Lililonitisha kuliko yote ni kwenda kwa mkuu wa taaluma kuomba kupunguziwa somo moja. Niliogopa watanitegemezaje kwa kazi pungufu. Nilimkuta, nikazunguka maneno robo saa. Akaniuliza kwa nini sikusema tangu mwaka wa kwanza; wao walidhani ndivyo nilivyotaka, maana nilikuwa sikatai kitu. Somo akapewa kijana tuliyemhitimisha wenyewe. Niliingia kumsikiliza siku moja. Anafundisha vizuri kuliko mimi, kwa lugha yake, bila karatasi, na mizaha yake inachekesha yenyewe. Nilitoka nimefurahi na kuumia kidogo.

Watu hupenda kuhubiri kitabu cha Kutoka sura ya 18, Yethro akimshauri Musa agawe kazi. Nimeihubiri mimi mwenyewe kwenye semina za uongozi. Siku hizi naisoma kuanzia juu kidogo, pale Yethro anapofika jangwani akiwa na Sipora, mke wa Musa, na wana wao wawili. Musa anatoka kumlaki mkwewe, anainama, anambusu, wanajuliana hali, wanaingia hemani. Kuhusu mke na watoto hakuna salamu iliyoandikwa. Pengine aliwasalimu. Lakini kesho yake asubuhi yuko kazini mpaka jioni.

Barua ya maombi bado naiandika mimi, isipokuwa ile aya ya familia. Hiyo anaiandika mke wangu, na tulikubaliana sina ruhusa ya kugusa hata nukta. Safari iliyopita nilituma bila kuisoma kwa kuwa nilikuwa na haraka. Siku ya pili mzee mmoja wa kanisa lililotutuma akanijibu kwamba wataendelea kutuombea, hususan kwa zile Jumatano tatu. Nikafungua nakala yangu. Mke wangu alikuwa ameziandika zote tatu, kwa tarehe, na nilikuwa wapi.