Uzoefu Wangu wa Kulipa Reti za Ardhi: Ploti Moja Kisumu, Nyingine Nakuru

Kulipa reti, yaani kodi ya ardhi inayotozwa na kaunti, si kazi. Kazi ni kujua unalipia nini, na kama bili uliyopewa ni ya ploti yako kweli. Nina nyumba Migosi, Kisumu, kwenye ardhi ya lizi, na ploti ya milki huru, yaani yangu bila kikomo cha muda, upande wa Lanet, Nakuru. Bili zake hazifanani, na kwa kuziweka mbili hizo mezani kila Januari nimejifunza kusoma bili yoyote ya ardhi kabla sijagusa M-Pesa.

Anza na hati yako. Ikiwa ni cheti cha lizi, una wadai wawili. Wa kwanza ni serikali kuu kupitia wizara ya ardhi: hiyo ni renti ya ardhi, unayolipa kwa sababu umekodishiwa ploti kwa muda, mara nyingi miaka 99. Wa pili ni kaunti: hiyo ndiyo reti, na kaunti imepewa uwezo wa kuitoza na Kifungu cha 209 cha Katiba. Ukimaliza mmoja hujamgusa mwingine. Nimewaona watu wakifika kwa wakili na risiti za reti za miaka kumi zimepangwa vizuri kwenye faili, kumbe renti haijalipwa hata mara moja.

Mwenye milki huru hana renti. Reti ni habari nyingine: ploti ikiwa ndani ya eneo linalotozwa reti, unalipa. Nyalenda na Manyatta, ambako ardhi nyingi ilipimwa na kuandikishwa ikiwa ya familia, utasikia mzee akiuliza, "Shamba ni la babu yangu, kaunti inanidai nini?" Kaunti haidai umiliki. Inadai kwa sababu ploti imo kwenye daftari lake, basi.

Mtindo wa namba ya ploti hukupa fununu tu ya aina ya umiliki. Kisumu, namba inayoanza na Kisumu Municipality/Block mara nyingi ni ya lizi, na ile ya Kisumu/Kogony au Kisumu/Korando mara nyingi ni milki huru. Ukifika Nakuru fununu hiyo inakupotosha, maana Lanet kuna namba za Dundori/Lanet Block ambazo ni milki huru, zilizotokana na mashamba makubwa yaliyonunuliwa na kampuni za hisa kisha yakagawanywa kwa wanachama. Kwa hiyo fanya sachi kwa msajili wa ardhi. Sachi itakuonyesha aina ya umiliki, ukubwa, jina lililoandikishwa, na kama kuna pingamizi au mkopo juu ya ploti. Kama ni lizi, itaonyesha pia ilianza lini na ni ya miaka mingapi.

Sasa hesabu yenyewe. Katika miji yetu reti hutozwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni thamani ya ardhi tupu: mthamini hukadiria ploti yako ingeuzwa bei gani kama haina kitu juu yake, thamani hiyo inaandikwa kwenye daftari la uthamini, na Sheria ya Fedha ya kaunti inaweka asilimia ya kutoza. Nyumba haihesabiwi. Gorofa nne na kibanda cha mabati vikiwa kwenye ploti za thamani sawa, mtaa mmoja, vinalipa reti sawa. Wanaodhani reti itapanda kwa sababu wameweka vigae vipya wanajisumbua bure. Njia ya pili ni ya ukubwa: ploti hadi kiasi fulani cha hekta inalipa kiwango kimoja, ikizidi inapanda. Hii utaikuta zaidi pembezoni mwa miji na kwenye vituo vidogo ambako uthamini haujafanywa.

Tuseme daftari linasema ploti yako ina thamani ya Sh800,000 na asilimia ya mwaka ni 1. Reti ni Sh8,000. Lakini usichukue asilimia ya kaunti moja ukailinganisha na ya nyingine. Nairobi ilikuwa ikitoza asilimia 34, na kila mtu alishtuka akiisikia, ila asilimia hiyo ilikuwa ya thamani za mwaka 1980. Ilipohamia daftari jipya lenye bei za sasa, ilishuka hadi asilimia 0.115. Asilimia bila tarehe ya daftari haikuambii chochote, kwa hiyo ukiwa kaunta uliza yote mawili: ploti yangu imethaminiwa kiasi gani, na kwa daftari la mwaka gani?

Bili ikishatoka, mimi huisoma nikiwa na hati mkononi, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya ploti kwanza: bloku 7 na bloku 17 ziko mbali mbali, na anayeandika kwa haraka anaweza kuruka ile 1. Halafu ukubwa. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama hekta 0.046, na kwenye hati nyingi utaiona imeandikwa 0.045. Ikiingizwa kwenye mfumo kama 0.45, imekuwa zaidi ya ekari moja, na unatozwa kama mwenye shamba. Kosa hilo la nukta ndilo ninalolitafuta kabla ya yote, kwa sababu haligombani na kitu kingine chochote kwenye bili: jina ni lako, namba ni yako, pesa tu ndizo zimezidi. Kulirekebisha si vigumu. Peleka nakala ya hati, sachi ya karibuni na barua fupi inayotaja namba ya ploti na ukubwa sahihi, uombe pia bili za miaka iliyopita zihesabiwe upya. Barua iwe nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Chini zaidi kuna deni la nyuma na adhabu. Hapa usikubali jumla moja. Omba stetimenti ya mwaka kwa mwaka inayotenga reti yenyewe, adhabu na malipo yaliyopokelewa. Reti huhesabiwa kwa mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba, ingawa bajeti ya kaunti huenda Julai hadi Juni. Kwa kawaida unaachwa hadi 31 Machi, kisha adhabu ya kila mwezi inaanza. Chukua ile reti ya Sh8,000 na adhabu ya asilimia 3 kwa mwezi: ni Sh240 kila mwezi, na kuanzia Aprili hadi Desemba ni Sh2,160. Hadi hapo sawa. Tatizo huja Januari inayofuata, pale Sh10,160 zinapoingizwa kama deni moja la nyuma na adhabu kuanza kuhesabiwa juu ya jumla hiyo, yaani adhabu juu ya adhabu. Stetimenti iliyotenganishwa ndiyo itakuonyesha kama hilo limefanyika, na ndiyo itakayokupa msingi wa kuuliza ni kifungu gani cha sheria kinachoruhusu.

Kaunti hutangaza msamaha mara kwa mara, zaidi zinapokimbizana na malengo ya mapato. Soma tangazo mpaka mwisho. Kinachosamehewa huwa ni adhabu na riba. Reti yenyewe inabaki, na mara nyingi sharti ni kuilipa yote kabla ya tarehe fulani. Kama una deni kubwa na huwezi kulimaliza mara moja, omba mpango wa kulipa kwa awamu, na uwe wa maandishi. Ukitoa pesa kidogo kidogo bila makubaliano, uliza kwanza zinaingia wapi: zikianza kumeza adhabu, reti haipungui hata shilingi. Lakini kukaa miaka mitano ukingoja msamaha naona ni kamari mbaya. Deni la reti hufuata ardhi, kaunti inaweza kukushtaki, na sheria iliwahi kuruhusu hata wapangaji waagizwe kupeleka kodi ya nyumba moja kwa moja kwa mamlaka inayodai.

Penye fujo zaidi ni ploti zilizokatwa. Mtu ana ekari tano Lanet, anazigawa ploti za futi 50 kwa 100, anauza, na kila mnunuzi anapata hati yake. Kwa msajili, hati mama, ile ya shamba zima, imefungwa. Kwenye daftari la reti, namba mama inaweza kuwa bado hai, inaendelea kulimbikiza deni kila Januari, na ploti ndogo hazina akaunti kabisa. Mnunuzi anatafuta namba yake, mfumo unasema haipo, naye anarudi nyumbani akifurahi kwamba hadaiwi. Siku anayotaka kuuza au kuchukua mkopo, deni la shamba zima linamsubiri. Dawa ni kufungua akaunti mapema: nakala ya hati yako, ramani ya mgawanyo iliyosajiliwa inayoonyesha namba mama na namba ndogo zote, sachi, kitambulisho na pini ya KRA, mamlaka ya kodi. Omba mambo mawili kwa barua moja, akaunti mpya kwa namba yako, na deni la namba mama ligawanywe kwa kadiri ya ukubwa wa kila ploti. Majirani mkienda pamoja mambo huenda haraka, kwa sababu afisa anayefungua ploti moja lazima aitazame ramani ileile kwa zote. Na kabla ya kununua ploti ya aina hii, dai klearansi ya namba mama, yaani cheti kwamba haidaiwi reti, kutoka kwa muuzaji. Asipokuwa nayo, deni hilo liondolewe kwenye bei.

Jina nalo halibadiliki lenyewe. Msajili kukuandikisha hakumaanishi kwamba ofisi ya mapato ya kaunti imepata habari. Ukishapata hati, peleka nakala huko ubadilishiwe jina, la sivyo notisi zote zitaenda kwa aliyekuuzia. Kwa ploti ya marehemu, kulipa reti hakuhitaji uwe na hati kwa jina lako: mtoto yeyote anaweza kulipa, na risiti itatoka kwa jina la baba. Ila kulipa hakukupi umiliki. Hilo linataka urithi upitie mahakamani. Kwenye boma lenye ndugu wengi, anayelipa aweke risiti asili ili gharama zihesabiwe wakati wa kugawana, maana baadaye kila mtu atasema ni yeye aliyekuwa akilipa.

Malipo yenyewe niyapitie haraka. Reti hulipwa kupitia mfumo wa mapato wa kaunti: tengeneza bili, chukua namba ya bili, lipa kwa namba hiyohiyo. Renti ya ardhi huenda kupitia huduma za serikali mtandaoni kwa namba ya malipo 222222, na hapo pia akaunti ni ile namba iliyo kwenye bili, si namba ya ploti wala ya kitambulisho. Ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi kwamba pesa zimetoka kwako, haujathibitisha kwamba zimefika kwenye ploti. Subiri risiti, kisha fungua bili tena uone salio limeshuka. Lisiposhuka, peleka namba ya muamala na tarehe siku hizohizo, rekodi zikiwa mbichi. Pesa taslimu kwa "kijana anayesaidia watu hapo nje" usitoe. Risiti za karatasi za enzi za manispaa, kabla ya kaunti kuanza 2013, usitupe: si malipo yote ya zamani yaliyoingizwa kwenye mifumo mipya, na hakuna ushahidi mwingine.

Ukitaka kuuza, jiandae kutoa uthibitisho kwamba reti zimelipwa na renti haidaiwi. Omba klearansi mkishatia saini mkataba, si miezi mingi kabla. Cheti kina tarehe ya kuisha, na mwaka ukigeuka kabla uhamisho haujaandikishwa, bili mpya ya Januari inakifanya kisifae. Desemba ndio mwezi mbaya zaidi wa kukichukua.

Daftari jipya la uthamini likitangazwa, nenda ulikague likiwa bado rasimu. Chini ya sheria ya zamani mtu alikuwa na siku 28 za kuweka pingamizi. Siku hizi ipo Sheria ya Kitaifa ya Reti ya 2024, hivyo fuata muda ulioandikwa kwenye tangazo. Pingamizi la "ni ghali sana" halisikilizwi. Leta bei za ploti jirani zilizouzwa karibuni, au onyesha kilichoshusha thamani ya yako: haina barabara, laini ya stima inapita juu yake, nusu yake hufurika maji ya ziwa.

Kwa mwenye wapangaji, kuna jambo moja la KRA. Ukiwa kwenye kodi ya mapato ya nyumba ya kila mwezi, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba yote unayokusanya kwa wapangaji, reti na renti haziondolewi kwenye hesabu. Ukiwa kwenye mfumo wa kawaida wa mwaka, unaziondoa kama gharama, na hapo risiti yenye namba ya ploti inayolingana na ile ya nyumba unayopangisha ndiyo itakayoulizwa.