Wiki 26 ndani ya kopo la kahawa: nilivyoufufua msimu wa besiboli wa 1987

Nilifika Minnesota nikitokea Tanga wiki ya mwisho ya Agosti 1987, na begi moja na barua ya chuo. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja mjane, St. Paul. Jumapili ya kwanza, tarehe 30, nilimkuta jikoni kaiinamia redio, penseli mkononi, daftari mbele yake, anaandika alama ndogo ndogo kama karani wa bandarini anayehesabu magunia. Mtangazaji wa WCCO, Herb Carneal, alikuwa akilirudia jina moja: Puckett. Kila likitajwa, mzee aligonga meza. Sikuelewa kitu, ila nilielewa kwamba kuna jambo kubwa linatokea na mimi nipo.

Baadaye nilijifunza lilikuwa jambo gani. Kirby Puckett wa Minnesota Twins, akicheza ugenini Milwaukee, alisimama kupiga mara sita na mara zote sita akafika salama kituoni kwa pigo lake. Mipira miwili ilivuka ukuta, yaani homurani. Jana yake alikuwa amefanikiwa mara nne kati ya tano, na homurani mbili nyingine. Mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kumi huhesabiwa bora. Huyu alikuwa na kumi kati ya kumi na moja ndani ya siku mbili.

Oktoba 25 Twins walitwaa ubingwa, nami nilikuwa mtaani Minneapolis nikipiga kelele na watu nisiowajua, kila mmoja anapepea leso nyeupe. Timu ile ilimaliza msimu na ushindi 85 na vipigo 77 tu. Nyumbani, ndani ya Metrodome, walishinda 56 na kupoteza 25. Ugenini walishinda 29, wakapoteza 52. Hata fainali dhidi ya St. Louis Cardinals ilikwenda mechi saba na kila mechi aliichukua mwenyeji. Msimu wa ajabu, na ndio ulionifundisha besiboli. Mzee ametangulia mbele ya haki zamani. Daftari lake ninalo.

Wanaocheza fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza tayari wanaijua nusu ya habari yangu: unachagua wachezaji wa kweli, wanachokifanya uwanjani kinakuwa pointi zako. Kwenye besiboli mchezo huu wa namna hii ulianzishwa na Daniel Okrent na rafiki zake mwaka 1980, ukachukua jina la mgahawa waliokuwa wakikutana New York, La Rotisserie Française. Kila mtu anapewa dola 260 za kufikirika na ananunua wachezaji 23 kwa mnada: wapigaji 14, warushaji tisa. Timu zinapangwa katika mafungu manane. Wapigaji wanapimwa kwa wastani wa kupiga, homurani, mikimbio (ndiyo mabao ya besiboli) waliyoiingiza na vituo walivyoiba, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri pigo. Warushaji wanapimwa kwa ushindi, mechi walizookoa kwa kulinda uongozi mwishoni, mikimbio wanayoruhusu kwa kila inningi tisa, yaani zamu tisa za mechi nzima, na idadi ya wapigaji wanaowaachia kufika kituoni. Tulikuwa wanane, kwa hiyo wa kwanza katika kila fungu anapata pointi nane, wa mwisho moja.

Mimi sikutaka msimu wa sasa. Nilitaka ule wa 1987, uchezwe kipindi cha baridi, Novemba hadi mwisho wa Februari, wakati huku kwetu ni theluji na hakuna besiboli ya kuangalia. Takwimu zipo na ni bure: Retrosheet wamehifadhi michezo ya msimu ule, pigo kwa pigo. Niliwakusanya wenzangu wa kazini, mwanangu, na rafiki yangu mmoja wa Mombasa tuliyezoeana tangu miaka ya tisini.

Mwaka wa kwanza ulinishinda. Tulinunua wachezaji, tukaanza kuzihesabu wiki kwa mpangilio wake, kuanzia Aprili 6. Tatizo lilionekana siku ya mnada. Kila mtu alikuja na jumla zote mkononi: Andre Dawson homurani 49, Mark McGwire naye 49 akiwa ndiyo kwanza anaanza, Tony Gwynn wastani wa .370, Vince Coleman vituo 109 vya kuiba. Mmoja wetu alikuwa amepiga hesabu za msimu mzima. Kufika wiki ya sita akatutumia msimamo wa mwisho, na ulikuwa sahihi. Watu wakaacha kuja. Sikumlaumu. Kosa lilikuwa langu, kwamba niliwaita watu wacheze mchezo ambao ulikwisha miaka mingi kabla.

Nilikaa na jambo lile karibu mwaka mzima. Kuna walionishauri niwape wachezaji majina ya bandia, au nitumie kompyuta ibuni matokeo mapya. Yote mawili niliyakataa. Nilitaka Puckett awe Puckett na alichokifanya kiwe kile alichokifanya kweli. Jibu lilinijia nikiwa nalifunua daftari la mzee. Niligundua kwamba mimi msimu ule sikuukumbuka kwa jumla zake. Niliukumbuka kwa wiki: wiki niliyofika, wiki ya leso, wiki fulani niliyopata homa nikasikiliza mechi nne kitandani. Basi nikaukata msimu. Kuanzia Jumatatu Aprili 6 hadi Jumapili Oktoba 4 ni wiki 26 kamili. Niliandika kila moja kwenye kikaratasi, nikavikunja, nikavitia ndani ya kopo tupu la Africafé nililoletewa kutoka nyumbani. Kila Jumapili jioni tungechomoa kikaratasi kimoja, na wiki hiyo, kama ilivyochezwa, ndiyo ingehesabiwa. Ila tungechomoa 15 tu. Wiki 11 zingebaki ndani ya kopo.

Hapo ndipo siri iliporudi. Jumla ya mchezaji haikukuambia tena atakupa nini. Ilibidi ujue mwaka wake ulikwendaje.

Tim Raines wa Montreal Expos, kwa mfano. Majira ya baridi ya kabla ya msimu wa 1987 alikuwa huru kusaini popote, na mchezaji wa kiwango chake hakupata ofa ya maana, kwa sababu wenye timu walikuwa wamekubaliana chinichini kutogombea wachezaji wa wenzao. Wasuluhishi walikuja kuthibitisha hivyo baadaye. Kwa kuwa hakusaini na Montreal kabla ya tarehe ya mwisho ya Januari, sheria ilimfungia hadi Mei 1. Wiki tatu za kwanza hana kitu kabisa. Ukichomoa Aprili, umelipia kivuli. Don Mattingly wa Yankees alipiga homurani katika mechi nane mfululizo, Julai 8 hadi 18, kumi kwa jumla, lakini mapumziko ya mechi ya nyota yalikatiza katikati: mechi tano ziko wiki ya 14, tatu wiki ya 15. Paul Molitor wa Milwaukee alipata walau pigo moja la kumfikisha kituoni katika mechi 39 mfululizo kuanzia Julai 16, ila majeraha yalimwachia mechi 118 tu msimu mzima. Na mrushaji Doyle Alexander! Akiwa Atlanta alishinda mechi tano akapoteza kumi. Katikati ya Agosti akapelekwa Detroit, akashinda tisa bila kupoteza, akiruhusu mikimbio 1.53 kwa inningi tisa. Atlanta walipewa kijana aitwaye John Smoltz, aliyekuja kuingia kwenye jumba la heshima la besiboli, lakini hiyo ni habari ya miaka ya mbele. Kwetu Alexander alikuwa watu wawili katika jezi moja, na hujui kopo litakupa yupi.

Coleman ndiye aliyepanda bei kuliko nilivyotarajia. Aliiba wiki hadi wiki bila kupumzika, kwa hiyo kikaratasi chochote kilimfaa.

Mnada ulichukua saa tano sebuleni kwangu, kwa sambusa na chai ya tangawizi. Mwenzangu wa kazini aliyekulia Michigan alinunua karibu Detroit Tigers nzima: Alan Trammell, Lou Whitaker, Kirk Gibson, Jack Morris, na Alexander kwa dola tisa. Tigers walikuwa na rekodi bora kuliko timu zote mwaka ule, ushindi 98, halafu Twins wakawatoa kwa mechi nne kwa moja. Alisema tangu 1987 anadai, na alimaanisha. Mimi nilitoa dola 41 kwa Puckett. Nilijua ni nyingi. Sikuweza kukubali aende kwa mtu mwingine.

Rafiki yangu wa Mombasa alimchukua Raines, kisha akamchukua mrushaji Nolan Ryan, na hapo tukagombana. Ryan alikuwa na miaka 40. Aliongoza ligi yake kwa kuruhusu mikimbio michache zaidi, 2.76, na kwa kuwatoa wapigaji 270 kwa straiki, yaani kwa mirusho waliyoshindwa kuipiga, lakini wenzake wa Houston hawakumtafutia mikimbio ya kutosha, akaishia na ushindi nane na vipigo 16.

“Mtu katoa watu 270 na sipati hata pointi moja?” akaniuliza. “Hiyo ni dhuluma, bwana.”

Ligi za leo zina mafungu kumi, na straiki ni mojawapo. Nilimwambia tunacheza 1987 kwa kanuni za watu wa wakati ule, mafungu manane. Wakati ule hivyo ndivyo walivyomwona Ryan, na tukibadilisha kipimo hatutakuwa tumerudi kule. Hakufurahi. Mpaka leo naona nilikuwa sahihi.

Kazi ya takwimu nilikuwa nikiifanya kwa mkono, usiku, nikinakili kwenye Excel mstari kwa mstari. Wiki moja, wachezaji 184, ilinila saa sita. Wiki ya tatu macho yalinikatalia. Mwanangu alinitazama akasema, “Baba, hii mafaili yenyewe yanaweza kufanya.” Akaandika programu fupi inayosoma mafaili ya Retrosheet na kuyagawa kwa tarehe. Saa sita zikawa dakika moja. Anayetaka kuanzisha ligi ya namna hii aanze na hilo, na akumbuke kuwaweka pamoja waliohama timu katikati ya mwaka. Sisi tulimkosesha mtu pointi mbili kwa sababu mchezaji wake alihesabiwa kama watu wawili.

Kikaratasi cha kwanza kilitoka wiki ya 24. Jumatatu yake, Septemba 14, Toronto waliipiga Baltimore homurani kumi katika mechi moja, rekodi, tatu zikiwa za Ernie Whitt. Mwanangu alikuwa amemnunua Whitt kwa dola mbili kwa kuwa lazima uwe na wadakaji wawili, wale wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji. Aliruka hadi jirani wa chini akagonga dari lake. Kijana huyu amezaliwa 1999, mwaka 1987 kwake ni kama enzi za Mjerumani kwetu, na alikuwa anashangilia mechi ya kabla hajazaliwa akiwa hajui dakika moja nyuma kwamba itatokea. Nilijua papo hapo kwamba kopo limefanya kazi.

Wiki ya pili nayo ilitoka mapema, ile ambayo Juan Nieves wa Milwaukee alimaliza mechi nzima bila kuachia pigo hata moja, nao Brewers wakaendelea na mbio zao za kushinda mechi 13 za kwanza za msimu. Rafiki yangu, na Raines wake aliyefungiwa, hakupata kitu. Alinyamaza. Wiki ya 14 ikaja, ya 15 ikakataa, kwa hiyo mwenye Mattingly alipata mechi tano kati ya nane na hasira ya zile tatu.

Mwishoni mwa Januari, theluji imetuzuia watatu wasije ikabidi tuwape matokeo kwa simu, ikatoka wiki ya nne. Aprili 27 hadi Mei 3. Niliona uso wa rafiki yangu ukibadilika kabla sijasoma chochote. Jumamosi Mei 2, bila mazoezi ya maandalizi na timu, Raines aliingia uwanjani New York dhidi ya Mets, akafanikiwa mara nne kati ya tano, na inningi ya kumi vituo vyote vikiwa vimejaa akaupeleka mpira nje ya ukuta. Mikimbio minne kwa pigo moja.

“Waona?” akasema, amesimama. “Waona, bwana? Walimfungia mwezi mzima.”

“Ami, kaa basi,” mwanangu akamwambia, lakini hakukaa. Alitembea sebuleni akisimulia mechi ile kama aliyekuwepo, na sisi tuliokuwa tunaijua tulimsikiliza hadi mwisho.

Ligi alichukua yule wa Michigan. Wiki sita kati ya nane za Alexander akiwa Detroit zilitoka, na Trammell hakumwangusha. Mimi nilimaliza wa nne.

Jumapili ya mwisho, watu walipokwishaondoka, nilimwaga kopo mezani kuona wiki 11 zilizobaki. Mwanangu alikuwa anavikunjua, anavipanga. Cha nane kilikuwa cha 21: Agosti 24 hadi 30. Wiki ambayo mbio za Molitor zilikatika, na Puckett akafanya yale ya Milwaukee. Dola 41, na wiki ile haikutoka.

“Hii ndiyo uliyokuwa unaisubiri?” mwanangu akauliza.

Nikaenda chumbani nikalileta daftari la mzee, nikalifungua kwenye ukurasa wa tarehe 30. Karatasi imegeuka rangi, lakini penseli inasomeka, na mstari wa Puckett umekandamizwa kwa nguvu hadi upande wa pili unaihisi kwa kidole. Nilimfundisha kuusoma, kisanduku kwa kisanduku. Tulipofika pigo la sita aliniomba penseli, akachukua karatasi yake, akaanza kuunakili.